Mahubiri ya Wanyamavu

"Sindano, umebakiwa na dakika saba!" Mkuu wake alisema kupitia kipokezi cha sikioni.

Jasusi Sindano aliongeza mwendo. Alikata kona, pikipiki yake ya Yamaha ikilalia ubavu, bastola ya Beretta ikimchoma kiunoni.

Saa sita kamili redio ya mji ingerusha kanda ya mzee wa Wanyamavu, dhehebu dogo la mji, akiitukana dini ya walio wengi. Kanda hiyo ililetwa na Mhandisi, kibaraka wa taifa la kigeni lililotaka mji uungue. Uvumi ulikuwa umekwisha kutangulia. Watu mia mbili walizingira nyumba ya ibada ya Wanyamavu, mawe mikononi, redio masikioni.

Ndani mlikuwa na waumini arobaini.

"Ng'oa mtambo," Mkuu aliamuru sikioni mwake. "Izime redio."

"Tukiizima, Mkuu, uvumi utabaki ukisema peke yake."

"Hiyo ni amri!"

"Mtandao unakatakata, Mkuu."

Ngazi, tatu tatu. Teke moja, mlango wa studio wazi.

Mhandisi alichomoa kisu. Kiwiko cha Sindano kilimwahi tumboni. Akaangukia kiti cha ofisi chenye magurudumu, kikambeba hadi ukutani. Beretta ikamtazama.

"Dada, jamani, mimi nimeletewa tu!" mtangazaji alilia. "Ni mahubiri makali ajabu!"

"Wanyamavu hawahubiri, kaka. Tangu babu zao husali kimya. Hawana hata mimbari."

Mhandisi alisawijika. Hilo hakulichunguza alipoighushi kanda.

"Wewe si wa dini yao," alifoka. "Unawafia nini?"

"Sikubaliani nao hata neno moja, wala hawana maneno. Lakini haki ya kusali ikiwa yangu peke yangu, si haki tena. Ni upendeleo."

Alimgeukia mtangazaji. "Waambie waliozingira nyumba ya ibada wamtume mmoja, bila jiwe, akaitafute mimbari."

Mtangazaji alivuta maikrofoni, akatangaza hivyo, na kwamba Wanyamavu hawahubiri.



Mkuu alikuwa akiutazama umati kwa ndege nyuki, droni iliyoruka juu yao. "Muuza nyama mmoja ameingia... Bado... Ametoka. Anatikisa kichwa. Sindano, wanaangusha mawe chini!"

Simu ya studio ikalia. Mpigaji alikuwa mkali: Wanyamavu wamepotoka, na hataacha kusema hivyo.

"Nimkatie simu?" mtangazaji alinong'ona.

"Ametaka mtu apigwe?"

"La. Anabisha tu."

"Basi mwache abishe."

Sindano alimfunga Mhandisi pingu, akavaa kofia yake ya pikipiki, akamsukuma mbele yake ngazini, taratibu, huku yule mpigaji akiendelea kufoka hewani.