Vishimo vya Mashavu ya Vuai

Vuai ni dereva wa basi. Anaishi Edmonton, London, na mkewe Zainab. Wote ni watu wa Pemba. Kila asubuhi Zainab huandaa chai, na Vuai hunyoa ndevu. Hunyoa polepole, kwa sababu mashavu yake yana vishimo. Ujanani alisumbuliwa na chunusi. Chunusi zilipona, makovu yakabaki.

Siku moja mtoto wa kike alipanda basi na mama yake. Alimtazama Vuai, akauliza, "Nani amekutoboa uso?"

Abiria walicheka. Vuai naye alicheka, lakini neno lile lilimkaa moyoni.

Jumamosi alinunua kichupa cha dawa sokoni. Muuzaji alimwambia, "Paka tu. Ngozi itabambuka, uso utakuwa mpya." Vuai alijifungia bafuni, akapaka shavu la kushoto. Mara likawaka moto.

"Zainab! Naungua!" alipiga kelele, akafungua mlango.

Zainab alimwinamisha chini ya bomba, akafungulia maji. Kisha akampigia simu jirani yao, Bi Pramila. Bi Pramila ni mzaliwa wa Tanga, na ni muuguzi wa kliniki ya ngozi. Alifika upesi, akasoma kichupa.

"Hii ni tindikali kali," alisema. "Endelea na maji mpaka dakika ishirini zitimie. Kisha twende hospitali, wakutazame."

Njiani Zainab aliuliza, "Bi Pramila, hii si dawa ya kujichubua rangi?"

"La. Kazi yake si kubadili rangi. Huondoa ngozi ya juu, mpya ikaota, na vishimo vikapungua kina. Hata sisi kliniki tunaitumia. Lakini daktari huchagua nguvu yake, na hujaribu kwanza mahali padogo. Ngozi kama zetu zikiungua hubaki na mabaka."

"Vishimo vitakwisha?" Vuai aliuliza.

"Sitakudanganya, Bwana Vuai. Vitapungua. Havitakwisha vyote."

Shavu lilipona, lakini baka jeusi lilikaa miezi mitatu. Lilipofifia, Vuai alikwenda kwa daktari wa ngozi. Alitibiwa mara nne, akipumzika wiki kadhaa kati ya tiba na tiba. Kila mara ngozi ilibambuka kidogo, naye akatamani kuibandua kwa vidole.

"Teremsha mkono!" Zainab alimwambia. "Daktari kasema usibandue."

Tena alitakiwa kupaka losheni ya kukinga jua kila siku.

"Jua gani, London hii?" alinung'unika.

"Mawingu hayalizuii lote," alijibu Bi Pramila. "Wala kioo cha basi lako."

Vuai akapaka. Baada ya miezi sita vishimo vingi vilikuwa vimepungua kina, na mashavu yalikuwa laini zaidi. Viwili vitatu vilibaki vile vile, naye hakuvijali tena.

Titus, dereva mwenzake, pia ana makovu. Siku moja wakati wa mapumziko alimvuta pembeni.

"Vuai, niambie. Umepaka nini? Nami nikanunue."

"Cha kununua hakuna, ndugu yangu," Vuai alisema, akitoa simu yake. "Andika namba ya kliniki."