Pembe za Makuei

Watu wengi wa mtaa huu wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma huamkia kwa Awut. Anakaanga mandazi mbele ya nyumba, na chai yake ina tangawizi ya kukufungua macho. Ndani, nyuma ya pazia, anakaa baba yake, mzee Lueth.

Mzee Lueth haoni tena. Tangu macho yapotee, hatoki nje na chakula anakigusa tu. Akiongea, basi ni juu ya Makuei, fahali wake aliyepotea Sudan Kusini wakati wa vita. Mwili mweusi, kichwa cheupe.

Mjukuu wake Adhar alizaliwa hapa kambini. Anajua mbuzi, punda na ngamia. Ng'ombe wa pembe ndefu hajawahi kumwona.

"Babu, nitakutengenezea Makuei," alisema siku moja.

"Utamtengeneza na nini?"

"Na takataka ya mama!"

Mzee akacheka. Awut alisikia kicheko kile, akasimama na mwiko mkononi. Hakukumbuka mara ya mwisho baba yake kucheka.

Adhar akachukua kopo la mafuta, akalikata kwa kisu cha jikoni, akakunja bati mpaka likawa na miguu na pembe. Akamwekea babu mkononi. Mzee akapapasa mgongo, kisha pembe. Bati likamchana kidole.

Lo! Awut akikasirika, mtaa mzima unajua. "Unataka kumaliza babu yako? Hii takataka yote nachoma leo!" Akarundika makopo, chupa za plastiki na maboksi, akatafuta kiberiti.

"Acha mtoto," mzee alisema kwa sauti ndogo. "Makuei amekwisha." Akarudi nyuma ya pazia, na Adhar akalia sana.

Hapo akafika mwalimu Nekesa kunywa chai. Nekesa ni mtu wa Bungoma. Alifundisha chekechea kule Nawoitorong, Lodwar, kabla ya kuhamia Kakuma.

"Mama Adhar, weka kiberiti chini," alisema. "Moshi wa plastiki ni sumu kwa mtoto na kwa mzee. Kwanza osha kidonda kwa maji safi na sabuni. Halafu mpeleke kliniki, maana jeraha la bati linaweza kuleta pepopunda."

"Na hii takataka?"

"Takataka si mbaya yote. Lazima uchague."

Mzee aliporudi kutoka kliniki akiwa amechomwa sindano, walichagua pamoja. Adhar akainua chupa ndogo. "Hii je?"

"Ilikuwa na dawa ya kupe," Nekesa alisema. "Hiyo haichezewi, hata uioshe vipi. Betri pia hapana. Vioo na bati lililokatwa, hapana. Chukua boksi, gazeti na vitambaa. Vifuniko vya plastiki vioshe kwa sabuni, vikauke juani. Na kisu ni kazi ya mtu mzima."

Kisha akamgeukia Awut. "Unga wa ngano upo? Tupike gundi."

"Wee! Unga wangu sasa unalisha magazeti?"

"Kidogo tu, mama. Koroga na maji baridi, halafu chemsha mpaka uwe mzito kama uji. Ukipoa, tunabandika."

Awut akanung'unika, lakini akakoroga. Akakata boksi kwa kisu, wakalibandika likawa mwili na miguu. Adhar akasokota gazeti lililolowa gundi, akatengeneza pembe mbili ndefu.

"Pembe zinaangalia wapi?" sauti ikauliza nyuma ya pazia.

"Juu, babu. Zote mbili."

"Basi huyo ni ng'ombe wa mtu mwingine."

Pazia likasogea. Mzee Lueth akatoka mwenyewe, akishika ukuta, akaketi kando ya Adhar.

"Ya kulia inakuja mbele, juu ya uso," alisema. "Ya kushoto inaenda nyuma. Mimi mwenyewe nilizielekeza, pembe zikiwa bado changa. Zikishakomaa, huwezi."

"Hata karatasi ni hivyo, mzee," Nekesa alisema. "Sasa bado mbichi. Zielekeze."

Mzee akaweka mikono yake juu ya mikono ya Adhar. Wakakunja pole pole, wakafunga kwa uzi. Jua la Kakuma halina mchezo, likakausha. Adhar akapaka mwili makaa yaliyosagwa na kuchanganywa na gundi.

Kesho yake, wateja wakinywa chai, Adhar akamletea babu Makuei mlangoni. Mzee akapapasa mgongo, akafika shingoni. Alipogusa pembe ya kulia, akaifuata pole pole mpaka nchani.

"Kichwa ni cheupe?"

"Cheupe kabisa, babu. Nimepaka chaki ya mwalimu."

Mzee akasimama. Akainua mikono yake juu, mmoja ukaja mbele, mmoja ukaenda nyuma. Akaanza kumwimbia Makuei kwa lugha ya kwao. Sauti ilikuwa kubwa, watu hawakujua ilikuwa imefichwa wapi katika mwili ule mwembamba. Vikombe vikabaki hewani. Nekesa hakuelewa neno hata moja, lakini machozi yalimtoka. Mandazi yakaungua na Awut hakuyaona.

"Babu amekuwa ng'ombe!" Adhar alinong'ona.

Wimbo ulipoisha, Adhar akamrudishia babu Makuei. Mzee akaketi nje, juani, fahali wake magotini.

"Awut," akaita. "Leta chai yangu hapa. Na mandazi. Nina njaa."