Kanga Iliyoangukia Miguuni

Mwaka ule mitumba ilipoanza kufurika gulioni Kibiti, Sihaba alisimamisha baiskeli yake ya mikono mbele ya turubai la muuzaji asiyemjua. Polio ilimpoozesha miguu utotoni.

"Karibu, dada. Gauni hili refu litakustiri vizuri."

Sihaba akamtazama kwa jicho la pembeni. "Kwani nimekwambia niko uchi?"

Muuzaji, jina lake Mshamu, akacheka mpaka akashika kiuno. "Nisamehe. Unataka nini?"

"Suruali ya kubana. Nacheza ngoma kwa mikono, gauni hunikwamisha."

"Ngoma? Basi nakuja kukutazama."

Akaja kweli. Akaja tena, na maandazi ya moto kwenye gazeti. Alipokwenda Dar kufuata mabelo ya mitumba, alimpigia Sihaba simu dukani kwa Mfaume, jirani yake.

"Laazizi, umekula?"

"Nimekula. Huyo anayecheka hapo nyuma ni nani?"

"Mwenye simu ya huku, mpenzi! Mzee wa watu, kibogoyo."

"Mh. Haya."

Sihaba alikuwa akimpenda, na hilo ndilo lililomtisha. Mwanamume wa kwanza alimpenda ndani tu; barabarani alimpita kama hamjui. Sihaba aliapa hatapendwa tena kwa kificho.

Sikukuu ya Idi kikundi cha ngoma cha kina Sihaba kilicheza uwanjani. Wapigaji walikuwa vipofu watatu, wakali wa ngoma hakuna mfano. Tatu, shoga yake, ambaye ni kiziwi, alishika mapigo kwa nyayo na kucheza bila kukosea. Sihaba, kwa blauzi nyekundu na ile suruali, alitembea kwa viganja, akajizungusha juu ya mkeka, watu wakapiga vigelegele. Mshamu akatoka kati na kanga mpya kumtuza. Mchezaji anayetuzwa huvishwa kanga begani, kila mtu anajua. Mshamu akairusha, nayo ikaangukia miguuni, ikaifunika yote. Mama yake Mshamu alikuwa amekaa mstari wa mbele.

Sihaba akaitupa kanga kule na kumpa kisogo.

Simu ya dukani ikalia kesho yake; Mshamu alikuwa amerudi Dar.

"Sihaba, nilikutuza!"

"Ulinifunika. Ulimwonea haya mama yako."

"Ulizunguka, ikateleza begani, wallahi—"

"Gauni la kustiri, kanga ya kustiri. Katafute wa kumstiri, mie staki." Akakata, kisha akalia mbele ya Mfaume bila kujali.

Tatu hakusikia simu, ila macho yake hayapitwi na kitu. Akachukua kanga yake, akamwigiza Mshamu: akalenga bega la Sihaba, akarusha, ikateleza. Sihaba akashusha pumzi. Lakini Tatu hakuwa amemaliza. Akarudia, safari hii akijinyoosha wima na kusimama mbali, kama mtu anayewarushia kuku mtama. Akagusa kiuno chake, akatikisa kichwa. Mshamu alilenga bega, ila hakuinama.

Sihaba akapiga simu mwenyewe. "Tunacheza harusi ya Zena. Njoo na kanga ileile. Na mama yako."

Mshamu akaja kwa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Ngoma ilipokolea, akaingia uwanjani, akakaa chini mchangani, akajikokota kwa makalio mpaka mkekani. Watu wakaangua kicheko. Mama yake akajishika mdomo. Mshamu akamvisha Sihaba kanga mabegani, akaifunga fundo.

"Siku ya gulioni nilitaka kukustiri, kweli," akasema akihema. "Siku ya Idi, hapana. Niliona haya kukaa chini mbele za watu."

"Na leo?"

"Leo kanzu imechafuka na mama ameona. Nataka kuleta posa kwenu."

"Utakuja saa ngapi?" Sihaba akauliza, bado ana wasiwasi.

"Mchana, mahabuba."

"Njia gani?"

"Ya katikati ya gulio. Wewe kwenye baiskeli, mimi nyuma nikikusukuma."

"Mikono yangu ina nini?"

Mshamu akafikiri. "Basi nitatembea ubavuni kwako."

Sihaba akamtazama mpaka akaridhika, kisha akawaambia vipofu wapige tena.