Mkono Mtupu wa Yavor

"Dada, huo uzi nimeushika mimi kwanza."

"Umeushika wapi? Umeupaka unga tu!"

Ndivyo walivyokutana, siku ya kwanza ya Machi, kwenye msongamano wa meza za nyuzi nyekundu na nyeupe katikati ya mji wa Plovdiv, Bulgaria, ambako kila Machi watu hufungana nyuzi hizo za baraka mkononi hadi waone mti uliochanua. Radina alivaa koti la kijani. Yavor, mwoka mikate, alinukia siagi. Akalipia uzi, akamfunga Radina mkononi.

Mwaka ukapita, penzi likakolea. Machi iliporudi walifungana nyuzi tena.

"Radi, tutazivua pamoja, chini ya mti wa kwanza kuchanua. Siku hiyo uniambie kama utaolewa nami."

"Na wewe ukiuvua mapema?"

"Basi ujue nimekukinai," Yavor akatania.

Radina alifanya kazi ya utafiti chuoni, akiwaonyesha watu picha ya mtu wasiyemjua na kuwauliza wanamdhania nini. Kila mara alishangaa walivyohukumu upesi kwa ushahidi kiduchu. Kisha asubuhi moja, akiwa ndani ya basi, akamwona Yavor akivuka barabara, mikono ya shati ameikunja, anacheka na binti aliyevaa aproni. Mkono wake mtupu. Na miti yote mjini bado haina ua hata moja!

Simu ikalia. Hakupokea. Kesho yake ikalia tena na tena.

"Pokea bwana, inanipa kizunguzungu," mama yake alisema, akikata jibini.

"Amenichoka, mama. Nimeona kwa macho yangu."

"Umeona nini hasa?"

"Mkono."

"Mkono tu? Kazini wale watu wako huwa unawaulizaje?"

Swali la mwisho la Radina kwa kila mtu lilikuwa: inaweza kuwa nini kingine? Lilikuwa jepesi alipowauliza wengine. Akambusu mama yake shavuni, akachukua koti.

Yavor alikuwa mlangoni mwa duka la mikate, nyusi zimejaa unga.

"Leo ndiyo umekumbuka kuna mtu anaitwa Yavor?"

"Uzi uko wapi?"

Yavor akautazama mkono wake, akaangua kicheko. Alipoona macho ya Radina, akaweka mguu juu ya kreti, akapandisha suruali. Uzi ulikuwepo, umefungwa juu ya kifundo cha mguu, umechakaa.

"Bosi amekataza kuvaa kitu mkononi tukikanda. Ningeutupa, mpenzi wangu? Hata kuoga naoga nao."

"Na yule binti wa aproni?"

"Mpwa wa bosi. Wake pia uko mguuni."

"Na unaniwasha!" sauti ya binti huyo ikatoka ndani.

Radina akacheka huku machozi yanamtoka. "Asante kwa kutochoka kupiga simu."

"Ningechokaje? Njoo uone."

Nyuma ya duka, mlozi ulioegemea ukuta wenye joto la tanuri ulikuwa mweupe kwa maua, peke yake mtaa mzima.

"Umechanua lini?"

"Juzi. Ndiyo sababu nilikuwa nakupigia."

Radina akapiga goti kwenye matofali, koti la kijani likiburuzika kwenye unga uliomwagika, akaanza kufungua fundo mguuni mwake.

"Radi, na jibu langu?"

"Tulia basi, mume wangu, usiutikise mguu."