Jioni Saba za Kuhesabu Popo

Kila Ijumaa, masomo yakiisha, Mwanamize alipitia kwanza soko la Mchikichini. Shangazi yake, Mgeni, alikuwa na kibanda nyuma ya wauza viatu vya mitumba, akishona mito na kuijaza sufi. Mwanamize alikaa naye kuchambua mbegu mpaka nyusi zikawa nyeupe. Ilipofika saa kumi na moja alijikung'uta, akachukua mkoba wake na kurudi nyumbani Kariakoo, kwenye ghorofa la ukingoni kabisa, pale nyumba zinapoishia na bonde la Jangwani linapoanzia.

Hakuingia ndani. Alipanda ngazi moja kwa moja hadi juu ya paa, akaegemea ukuta uliomfika kifuani, akafungua daftari la Klabu ya Mazingira ya shule yao.

Kule chini, kando ya barabara, ilisimama misufi minne mirefu. Kwenye matawi yake walining'inia popo, mamia kwa mamia, kama matunda meusi. Walikuwa popo wakubwa wala matunda, wenye manyoya ya rangi ya majani makavu shingoni. Walikuja kila mwaka masika yakianza kupungua, wakakaa miezi michache, kisha wakaondoka. Mwalimu Candida, mlezi wa klabu, aliwaambia wanafunzi kwamba popo wa aina ile wanazidi kupungua, kwa sababu miti mikubwa wanayolala inakatwa kila mahali. Ndiyo maana klabu iliamua kuwahesabu kila Ijumaa, na kwa kuwa Mwanamize aliishi jirani na miti, kazi ilimwangukia yeye.

Ijumaa moja, jua lilipozama, popo walianza kuondoka. Alihesabu waliopita kati ya mnara wa msikiti na mlingoti wa simu, na kila walipofika kumi alichora mstari mmoja. Alipomaliza ndipo alipotazama chini vizuri. Kwenye shina la kila msufi palikuwa na alama kubwa ya X, ya rangi nyekundu.

Jumatatu shuleni hakukuwa na habari nyingine. Barabara ingepanuliwa. Misufi ingekatwa ili kupisha njia ya waenda kwa miguu na mtaro mkubwa wa maji. Hakuna aliyepinga mtaro. Kila mtu mtaani aliwahi kuona Jangwani ikijaa maji mpaka magari yakasimama.

"Lakini ripoti ya mazingira inasema hakuna wanyama wowote wanaoishi eneo hili," Mwalimu Candida alisema, akiwaonesha wanaklabu nakala aliyoipata kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. "Tazameni tarehe. Wapimaji walikuja mwezi wa kwanza."

"Mwezi wa kwanza popo hawapo!" alisema Hashimu, rafiki yake Mwanamize.

"Ndiyo. Hawakudanganya. Walikuja miti ikiwa mitupu. Jumamosi kuna mkutano hapa shuleni, na injinia wa mradi atakuwepo. Ushahidi pekee kwamba popo wanaishi hapa ni daftari letu. Mwanamize, lilete. Misimu miwili kamili ya hesabu, hakuna Ijumaa hata moja iliyorukwa!"

Wenzake walimpigia makofi. Mwanamize alitabasamu nusu nusu.

Walipokuwa wakitoka, alimvuta Hashimu pembeni. "Kuna Ijumaa sita za mwaka jana sikuhesabu," alimwambia.

"Sasa mbona zimeandikwa?"

"Nilijaza tu. Siku moja nilikuwa harusini kwa binamu yangu. Siku nyingine nilichoka, au nilikuwa naangalia mpira. Niliweka namba zinazofanana na za wiki zilizopita."

Hashimu alikuna kichwa. "Nani atajua, Mize? Popo si wapo kweli? Wewe nyamaza bwana. Ukisema, miti inakwenda."

Mwanamize alinyamaza. Alinyamaza Jumanne, Jumatano, hadi Jumamosi yenyewe.

Mkutano ulijaa. Injinia Severa, mwanamke mrefu aliyevaa viatu vizito vyenye vumbi la kazini, alikaa mbele na michoro yake. Wa kwanza kusimama alikuwa Mzee Sadalla, dobi ambaye kamba zake za nguo zilikuwa karibu na misufi.

"Mimi nafua kanzu za watu," alisema. "Nikianika asubuhi, wale popo wanazichafua. Narudia kufua mara mbili, mara tatu. Ikatwe hiyo miti hata leo!"

Watu walicheka, lakini wengine waliitikia kwa vichwa. Mwalimu Candida akasimama, akaeleza habari za popo, akamkabidhi injinia daftari. Injinia Severa alilifungua ukurasa baada ya ukurasa. Uso wake ukabadilika.

"Hili ni jambo kubwa," alisema. "Hesabu ya kila wiki kwa misimu miwili! Mimi siwezi kusimamisha kazi kwa maneno matupu, lakini kwa takwimu hizi naweza kuandika barua leo hii kuomba mchoro uangaliwe upya. Nitaweka sahihi yangu chini yake."

Ukumbi ulipiga makofi. Hashimu alimgusa Mwanamize kwa kiwiko, kwa furaha. Lakini yeye alikuwa akiitazama kalamu ya injinia. Mtu huyu asiyemjua alikuwa tayari kuweka jina lake chini ya namba ambazo Mwanamize alizitunga akiwa mbele ya runinga, mguu mmoja juu ya mwingine.

Alisimama. "Shikamoo, injinia."

"Marahaba, mwanangu."

"Daftari hilo ni langu. Kuna Ijumaa sita ambazo sikupanda juu kuhesabu. Nilijaza namba za uongo. Zilizobaki ni za kweli."

Mzee Sadalla akapiga paja lake kwa kicheko. "Mmesikia? Kesho tutaambiwa hata popo wenyewe ni wa kutunga!"

Injinia Severa alilifunga daftari taratibu. "Umefanya vizuri kusema," alimwambia Mwanamize, "lakini siwezi kulitumia. Nikiulizwa nitajuaje kwamba hizo nyingine ni za kweli, nitajibu nini?"

Mwanamize alihisi masikio yakiwaka. Hakuthubutu kumtazama Mwalimu Candida. Angeweza kuketi pale pale na kulia, lakini misufi haikuwa imekatwa bado.

"Mashine zinakuja lini?" aliuliza.

"Jumatatu ya wiki ijayo. Siku tisa kuanzia leo."

"Tuhesabu upya. Kuanzia jioni ya leo. Kila siku."

Injinia alihesabu siku kwa vidole. "Jioni saba mfululizo," alisema. "Watu wawili, kila mmoja na karatasi yake, msioneshane mpaka mmalize. Mkikosa jioni moja, basi. Jumamosi ijayo asubuhi nizione ofisini kwangu."

"Na mimi nitahesabu!" alidakia Mzee Sadalla. "Nitakaa hapo juu niwaone hawa watoto wakitunga tena."

"Karibu," alisema Mwanamize. Sauti yake ilitoka imara kuliko alivyotarajia.

Walipotoka nje, Mwalimu Candida alimwita. Hakumgombeza. "Nimeumia," alisema. "Nilikusifia mbele ya watu kwa kitu ambacho hukufanya. Sasa kifanye." Hayo tu, kisha akaondoka. Mwanamize aliona heri angechapwa.

Jioni ya kwanza walipanda wanne: Mwanamize, Hashimu, Mzee Sadalla na Shangazi Mgeni aliyekuja kukaa na watoto. Mwanamize na Hashimu walikaa pande mbili za tangi la maji, kila mmoja akitazama nafasi ile ile, kati ya mnara na mlingoti. Mzee Sadalla alikaa kwenye ndoo aliyoipindua, akafungua karatasi ya kufungia nguo na kuichora mistari kwa kalamu yake ya kuwekea alama kanzu za wateja. Adhana ya magharibi ilipokwisha, popo wakajaa angani. Walipomaliza, Mwanamize alikuwa na elfu mbili na mia tatu na kumi. Hashimu, elfu mbili na mia mbili na sitini.

"Na wewe, Mzee Sadalla?"

"Sijamaliza kujumlisha," alijibu, akaikunja karatasi mfukoni.

Jioni ya pili ilikwenda vizuri. Ya tatu mawingu yalitanda, na popo wakatoka kwa makundi mazito yaliyopishana. Namba ziligongana vibaya: Mwanamize elfu mbili na mia nne, Hashimu elfu moja na mia saba.

"Tutachekwa," alisema Hashimu. "Tuandike wote elfu mbili, tugawane tofauti. Si uongo mkubwa huo."

Mwanamize aliitazama karatasi yake. Alijua jinsi ilivyo rahisi. "Nilianza hivyo hivyo mwaka jana," alisema. "Andika ulichokiona. Na chini yake andika kwamba kulikuwa na mawingu."

Mzee Sadalla aliwasikia. Alikohoa, akaikunja karatasi yake.

Jioni ya nne mvua ilinyesha. Shangazi Mgeni alifika amelowa, akiwa na turubai la kibandani kwake. Wote wanne walijibanza chini yake wakisubiri. Saa kumi na mbili na nusu ikapita. Popo hawakutoka.

"Twendeni tukale," alisema Mzee Sadalla. "Hawa leo hawatoki."

"Injinia alisema tukikosa jioni moja, basi," Mwanamize alijibu, akijifuta maji usoni. Alikuwa na usingizi, na kesho yake kulikuwa na jaribio la hisabati. Lakini hakunyanyuka. Mvua ilipokatika, popo wa kwanza akaruka, kisha mwingine, kisha anga lote. Walihesabu kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Wakati wakisubiri, shangazi alikuwa amemuuliza Mwanamize swali lililomkaa moyoni. "Hivi hawa popo wana faida gani hasa? Nieleze mimi, ili nikiulizwa sokoni nijue la kusema."

"Maua ya msufi yanafunguka jioni, shangazi. Popo wanakwenda kunywa maji yake matamu, wanabeba chavua kwenye manyoya na kuipeleka maua mengine. Ndipo msufi unazaa. Na mbegu za miti mingine wanazidondosha mbali, huko misituni."

Shangazi Mgeni aligeuka kuitazama misufi. "Miaka ishirini nauza sufi," alisema, "sijawahi kujua nani ananisaidia."

Asubuhi ya siku ya sita popo mmoja alikutwa ameanguka chini ya mti, na watoto wadogo wakamzunguka na vijiti. Mwanamize aliwarudisha nyuma. "Haguswi kwa mkono! Anaweza kung'ata, na anaweza kuwa na ugonjwa." Mzee Sadalla alileta beseni, akamfunika popo yule kwa uangalifu, na Mwalimu Candida akampigia simu mtaalamu wa wanyamapori. Mtaalamu alikuja mchana na glavu zake, akamchukua. Aliposikia habari za hesabu, akasema atarudi jioni. Alihesabu nao jioni ile na ile ya saba, kwa kifaa chake mwenyewe cha kubofya.

Jumamosi asubuhi walikwenda ofisi ya mradi, kwenye kontena lililowekwa kando ya barabara. Mwanamize na Hashimu waliweka karatasi zao mezani. Mtaalamu akaweka zake mbili. Hazikuwa mbali na zao.

Kisha Mzee Sadalla akatoa karatasi saba za kufungia nguo, zimekunjwa vizuri. "Zisome na hizi," alisema. "Nilikwenda kuwakamata hawa watoto. Nimekosa. Popo wapo, zaidi ya elfu mbili, na watoto wamehesabu kwa haki. Bado wananichafulia kanzu, hilo silifuti."

Injinia Severa alisoma muda mrefu. Alisita kwenye karatasi za jioni ya tatu. "Hapa mmetofautiana kwa mia saba. Kwa nini hamkurekebisha?"

"Ndivyo tulivyoona," alisema Mwanamize.

Injinia alivuta karatasi nyeupe, akaanza kuandika barua.

Mashine hazikuja Jumatatu ile. Zilikuja baada ya wiki tano, na mchoro mpya. Mtaro na njia ya miguu vilihamishiwa upande wa pili wa barabara, isipokuwa mahali pamoja ambapo bomba kubwa la maji lilizuia. Hapo msufi mmoja ulilazimika kukatwa, lakini haukuguswa mpaka popo walipoondoka msimu ule. Mitatu ilibaki. Ilizungushiwa uzio wa kamba ili magari ya kazi yasikanyage mizizi, na kazi ilisimama kila siku jua likikaribia kuzama. Kwa ombi la Mwalimu Candida, mafundi walimjengea Mzee Sadalla paa la bati juu ya kamba zake.

Siku msufi ule mmoja ulipoangushwa, Mwanamize alisimama na wanaklabu nje ya uzio. Machozi yalimtoka.

"Ningehesabu zile Ijumaa sita," alisema, "labda tungeokoa yote minne."

Injinia Severa alivua kofia yake ngumu, akachuchumaa karibu naye. "Bomba lingekuwa pale pale, Mwanamize. Usijibebeshe hilo. Lakini zile Ijumaa sita karibu zituondolee miti yote, na hilo ni kweli pia. Popo hawawezi kuja mkutanoni kujitetea. Wanamtegemea mtu mmoja awasemee, na mtu huyo akidanganya hata kidogo, kwa nia nzuri au kwa uvivu, hakuna atakayemsikiliza atakaposema kweli. Uliusahihisha uongo wako kwa mdomo, dakika moja. Kisha ukausahihisha kwa kazi, jioni saba, hata kwenye mvua. Ile kazi ndiyo niliyoitilia sahihi."

Mwanamize alijifuta uso. Mwalimu Candida alimshika bega. Mwalimu aligeuka kuwatazama wanaklabu wote, kisha akauliza nani yuko tayari kuhesabu na Mwanamize msimu ujao.

Hashimu alinyoosha mkono. Wakafuatia kumi na wawili wengine.