Mtoto wa Ndani ya Kompyuta

Kwanza ilikuwa harufu ya maziwa yaliyochacha. Febronia aliisikia mchana mmoja umeme ulipokatika katikati ya barua aliyokuwa akiichapa kazini, akadhani ni blauzi yake mwenyewe, maana alikuwa ananyonyesha. Akainama chini ya meza kukagua waya. Hapo ndipo aliposikia sauti ya mtoto, nyembamba, yenye adabu zake zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?" aliitika bila kuinua kichwa.

Nani angefanya vingine? Mtu aliyelelewa Singida haachi shikamoo ya mtoto ianguke chini. Lakini alipoinuka, mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu ya upepo na vumbi, na chumbani hapakuwa na mtu. Kilichomtazama ni kioo cheusi cha kompyuta.

Ilikuwa miaka ile ya ubinafsishaji, mashirika yakiuzwa na watu wakipunguzwa kazi kama matawi ya mti. Moses, mumewe, alipunguzwa reli, akawa anashinda uani akitengeneza baiskeli moja ambayo haikutaka kupona. Febronia alikuwa mpiga chapa hodari, lakini hodari wa taipureta wakati huo alikuwa sawa na fundi wa taa za chemli. Ofisi zilitaka wanaojua kompyuta, na barua ya kuomba kazi iliyoandikwa kwa mkono ilitupwa kabla haijasomwa. Gaspari, mwenye duka la stesheneri mtaa wa Utemini, mtu wa maneno mengi na subira kidogo, akaleta kompyuta ya mtumba kutoka Dar es Salaam. Febronia akajifunza kuiendesha, na mji mzima ukapanga foleni kwake: walimu na mitihani yao, maharusi na kadi zao, vijana na maombi yao ya kazi. Nyumba yake ikawa inakula kwa kompyuta ile.

Jioni ile alimpakata Derick, mwanawe ambaye hata jino hajaota. Maziwa hayakutoka. Mtoto alivuta, akaachia, akalia mpaka akakauka sauti. Mama mkwe, Kristina, akampikia uji, akamwambia ni uchovu tu. Derick akapewa maziwa ya ng'ombe, akayatapika yote.

Kesho yake kazini, Febronia alibonyeza kitufe, kioo kikawaka, na maziwa yakamtoka yenyewe mpaka yakalowesha kanga. Ndani ya lile boksi, chini ya mvumo wa feni, mtu alikuwa akimeza.

Alijaribu kukimbia, msimdharau. Alijifanya ana malaria akabaki nyumbani, kifua kikavu, Derick akipiga kelele begani kwa bibi yake. Gaspari akaja mwenyewe mpaka mlangoni.

"Mama Derick, mashine haiwaki kwa mtu mwingine. Nimejaribu. Inalia."

"Inalia vipi?"

Gaspari alitazama nyuma yake kwanza. "Kama mtoto mchanga," alinong'ona, halafu akajicheka. "Njoo bwana, watu wamejaa. Hata mwanao mlete."

Akaenda na Derick mgongoni. Angefanyaje, na maziwa ya mwanawe yalikuwa kule? Alipoketi mbele ya kioo maziwa yakaja, Derick akanyonya kwa pupa, na kwa kitambo kidogo Febronia alidhani Mungu amemwonea huruma, mpaka ziwa la pili, ambalo hakuna aliyeligusa, likaanza kuvutwa polepole kuelekea kwenye meza, likivutwa na kuachiwa, likivutwa na kuachiwa, na Derick akaacha kunyonya akageuza shingo yake laini kukitazama kile kioo bila kupepesa, kama anayemtazama ndugu yake.

Kristina alipoambiwa, hakuuliza mara mbili. Alimtafuta Mzee Alute, mganga wa kijijini kwao Kinyangiri, akaja naye nyumbani Jumapili baada ya misa. Mzee alikataa kiti.

"Lilikuamkia?"

"Ndiyo, mzee."

"Ukaitika?"

"Niliitika. Nilidhani ni mtoto wa mtu."

"Sasa ni mtoto wa mtu. Ni wako." Mzee alishusha sauti. "Jini aliyeingia kwa nguvu hutolewa kwa nguvu. Huyu aliingia kwa heshima, nawe ukampokea. Marahaba hairudishwi, binti yangu."

"Nife basi?"

"Mwachishe ziwa. Kwenu mtoto huachishwa kwa kitu gani?"

Febronia na mkwe wake walijibu pamoja: "Kwa shubiri."

Kila mama anaijua dawa hiyo. Unajipaka utomvu wa shubiri kwenye chuchu, mtoto anaonja uchungu, analia, anakata tamaa, kisha anapelekwa kwa bibi akasahau. Mzee akamwagiza ajipake, aketi mbele ya mashine, amwache aonje, kisha anawe vizuri kwa maji ya moto arudi kwa Derick.

Siku iliyofuata, saa ya jua la utosini, Gaspari akiwa amekwenda kula, Febronia alijipaka akaketi. Umeme haukuwepo. Upepo ulikuwa ukirusha mchanga kwenye bati, na harufu ya maziwa yaliyochacha ikapanda kutoka kwenye matundu ya boksi, ikamzunguka shingo, na ule mvuto ukaja, mara hii kwa maziwa yote mawili, akasikia midomo ambayo haipo ikigusa uchungu, ikasita, naye akabana pumzi akiomba kwa watakatifu wote aliowajua kwamba kilio kije, kilio tu, kilio cha mtoto aliyekataa, lakini kilichokuja ni funda moja refu, halafu jingine, halafu sauti ile ile ya adabu.

"Asante, mama."

Liliponyamaza alikimbia nyumbani. Alinawa, akanawa tena, ngozi ikachubuka. Derick aliweka mdomo, akaukunja uso, akatema na kupiga yowe. Kristina alikamua tone moja kiganjani, akalionja.

"Febronia," alisema taratibu, "uchungu uko ndani."

Derick hakurudi tena kifuani kwa mama yake. Hata kumpakata ilikuwa vita. Alimsukuma kwa viganja vyake vidogo. Kule Kinyangiri, Anastazia, wifi yake, alikuwa amejifungua karibuni na alikuwa na maziwa ya kutosha, basi Kristina akafunga nepi za mjukuu wake kwenye kanga wakapanda basi. Mtoto aliyeachishwa hupelekwa kwa bibi. Febronia alisimama stendi akilia waziwazi chini ya dirisha la basi, wala Derick hakugeuka kumtazama.

Basi lilipoondoka, kifua chake kilikuwa kimejaa na kuuma, kigumu kama jiwe. Moses alimshika mkono.

"Twende nyumbani, mama Derick."

"Nikafanye nini nyumbani?"

Alikwenda Utemini. Aliwaambia waliokuwa kwenye foleni wasubiri nje kidogo. Kisha akashusha pazia, akafungua vifungo vya blauzi, akavuta kiti karibu na meza.