Beti za Hedwiga

Mwaka 1972, siku ya gulio mjini Same, shingo ya gitaa ilinasa mkono wa gauni la Hedwiga na kuuchana mpaka kwapani.

"Samahani, dada," alisema Gideoni, kijana wa suruali ya bugaluu iliyotanuka miguuni, gitaa begani, tarumbeta mkononi.

"Samahani haishoni gauni."

"Basi nitakutungia wimbo."

"Tunga uzi kwenye sindano kwanza."

Gideoni alipiga kila chombo katika bendi ya shamba la mkonge. Alipenda blues na roki, muziki wa kulia na kukwaruza, lakini maneno yalimkauka. Hedwiga, fundi cherehani wa duka la ushirika, alikuwa nayo. Alimpa beti alizotunga kuhusu mama yake, wa kijiji cha Mamba kule milimani, aliyemngoja mume mkata mkonge mpaka akaota mvi. Kufikia ubeti wa nne walikuwa wapenzi.

Bendi ikaenda Dar es Salaam kurekodi. Alhamisi moja wimbo ukasikika kwenye redio ya dukani. "Utunzi wake Gideoni," mtangazaji akasema.

Kesho yake Hedwiga aliitwa posta kupokea simu ya Gideoni.

"Hedi wangu, umeusikia?"

"Nimemsikia mama yangu akiimbwa. Jina langu sikulisikia."

"Kiongozi wa bendi ndiye aliyejaza fomu ya majina ya watunzi, mpenzi."

"Na wewe mkono ulikuwa umekatika?"

"Nilijua baadaye..."

"Ulijua, ukanyamaza, ukapigiwa makofi."

Akakata simu. Siku nzima alikanyaga cherehani kama anayemfukuza mwizi.

Wiki ya tatu Gideoni alishuka basi mikono mitupu. Kiongozi alikuwa amekataa kusahihisha jina, naye Gideoni akaiacha bendi, pamoja na gitaa na tarumbeta vilivyokuwa mali ya bendi.

"Nimeacha kila kitu kwa ajili yako."

"Usinitwishe. Umeacha kwa sababu ulikosea."

Gideoni aliinamisha kichwa. "Kweli. Nilipenda jina langu litajwe peke yake."

Hasira haikumtoka Hedwiga, lakini alimsogezea kiti.

"Nataka nipande Mamba nikamsalimie mama," Gideoni akasema.

"Utapanda siku redio itakaponitaja."

Mwaka mzima walitunga kwa gitaa la kuazima kanisani, wakigombana kwa kila mstari. Hatimaye walirekodi wimbo wao mpya, wakajaza fomu wenyewe, na adhuhuri moja ukapigwa redioni. "Utunzi wa Hedwiga Fanueli na Gideoni."

Hedwiga hakucheka. Alizima redio, akafunika cherehani.

"Vaa viatu," alisema. "Twende kwa mama kabla sijabadili nia."